Taarifa za watoto wetu mtandaoni: sheria tunayo, lakini shule na sisi wazazi tunaivunja kila wiki

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kutoka Dodoma.

Naomba nianze na simu niliyopigiwa, kisha nije kwenye sheria, kwa kuwa bila simu ile hata mimi nisingeisoma.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, nikiwa kazini. Namba nisiyoijua iliita, na mwanamume mwenye sauti ya utulivu akanisalimu kwa heshima na kuniita mama wa binti yangu, akilitaja jina la mtoto lote, la kwake, la baba na la ukoo. Alijitambulisha kuwa mhudumu wa zahanati iliyo jirani na shule. Alisema binti ameanguka wakati wa mapumziko na kuumia kichwa, kwamba ameletwa na mwalimu wake wa darasa, na mwalimu huyo akamtaja kwa jina. Zilihitajika shilingi 180,000 za kipimo, nizitume haraka kwenye namba atakayonipa, maana gari la kumpeleka mjini lilikuwa linasubiri. Nilikuwa nimekwisha kufungua menyu ya kutuma pesa na kuandika tarakimu nne za mwanzo pale mwenzangu wa meza ya pili aliponishika mkono na kuniambia nimpigie mwalimu kwanza. Mwalimu alipokea akiwa darasani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, yuko hapa mbele yangu anafanya hesabu." Nikaomba niisikie sauti yake. Binti akasema, "Shikamoo mama," nami nikashindwa kuitikia.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu kwa miaka kumi na moja ni mafaili: kuyafungua, kuyapa namba, kuandika kwenye rejista faili gani limetoka, limekwenda kwa nani na limerudi lini. Jioni ile nilijiuliza swali tunalojiuliza masjala kila karatasi inapoonekana mahali isipotakiwa: imetoka faili gani, na aliyeitoa ni nani?

Dakika kumi zilitosha. Kwenye ukurasa wa shule, ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua, nilikuta picha ya mahafali ya darasa la awali ya miaka mitatu iliyopita, binti amekishika cheti mbele ya kifua, na ukiikuza picha kwa vidole viwili unasoma jina lake lote na tarehe yake ya kuzaliwa. Nilikuta picha ya siku ya wazazi yenye maelezo yanayotaja darasa, mkondo na jina la mwalimu. Nilikuta picha ya watoto wakipanda basi la shule asubuhi, kibao cha kituo kikisomeka nyuma yao. Namba yangu ya simu haikuwa pale. Hiyo ilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa wa ada ambayo ofisi ya uhasibu ilikuwa imeirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi zaidi ya mia mbili: jina la mtoto, darasa, kiasi anachodaiwa, namba ya mzazi. Orodha hiyo nilitumiwa mara ya pili na jirani ambaye hana mtoto shuleni pale, akinihurumia kwa deni la shilingi 90,000.

Sisemi kwamba shule ilimtuma tapeli. Nasema ilimwandalia faili, likiwa limekamilika, na kuliacha mezani.

Sasa sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake, na haisemi kwamba haki hiyo inaanza mtu akifikisha umri fulani. Kwa miaka mingi hatukuwa na sheria mahususi ya kuitekeleza ibara hiyo kwenye masuala ya taarifa, hadi Bunge lilipopitisha, hapa hapa Dodoma, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu na kuamua zitumike kwa lengo gani anaitwa mkusanyaji, anayezifanyia kazi kwa niaba yake ni mchakataji, na mwenye taarifa zake ni mhusika wa taarifa. Shule ni mkusanyaji. Mpiga picha wa mahafali aliyekodiwa na shule naye ana sehemu yake. Binti yangu wa miaka tisa ndiye mhusika wa taarifa, si mimi. Mimi namsimamia tu.

Jambo ambalo lilinifanya nirudie kusoma ni hili. Sheria ina kundi la taarifa inazoziita taarifa binafsi nyeti. Humo zimo taarifa za vinasaba, za alama za mwili kama vidole, za miamala ya fedha, za makosa ya jinai, na zimo pia taarifa zinazohusu watoto. Hazikuingia kwa sababu ya kuwa za ugonjwa au za siri ya familia, zimeingia kwa kuwa ni za mtoto. Kwa lugha ya kazini kwangu, sheria imelihamisha faili la mtoto kutoka masjala ya wazi kwenda masjala ya siri. Na taarifa nyeti haziruhusiwi kuchakatwa ovyo: inahitajika ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto, ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Ipo misamaha ya lazima, kama vile kumwokoa mtu aliye hatarini au kutimiza amri ya sheria nyingine, lakini kuitangaza shule kwa wateja hakumo.

Nimeuleta uzi huu kwa sababu kila tunapozungumza juu ya watoto na intaneti, tunazungumza juu ya makampuni ya ng'ambo, michezo ya simu na watu wabaya wasiojulikana. Hayo yote ni kweli, na tutayafikia. Lakini taarifa za mtoto wangu hazikuibwa na kampuni ya ng'ambo. Zilitolewa na watu ninaowasalimia kila asubuhi getini, na nyingine nilizitoa mimi. Naomba michango yenu, hasa ya walimu.

Mwalimu wa Kizota

Mama, pole sana kwa mshtuko huo. Mimi ni mwalimu katika shule binafsi na nimewahi kupewa jukumu la kusimamia ukurasa wa shule, kwa hiyo nazungumza kama mtu aliyezipakia picha za namna hiyo kwa mikono yake. Naomba nieleze upande wetu bila kuutetea kupita kiasi.

Shule zinashindania wanafunzi. Mzazi anayehamia Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam au Mwanza hana muda wa kuzunguka Kisasa, Ilazo na Nzuguni akikagua madarasa, anafungua simu. Shule isiyo na picha huonekana kama haipo. Zaidi ya hapo, wazazi wenyewe hutudai. Siku ya michezo tukichelewa kupakia picha, ifikapo saa mbili usiku kundi limejaa malalamiko ya mzazi ambaye hakumwona mwanawe.

Halafu kwenye fomu yetu ya kujiunga, ukurasa wa nne, ipo sentensi inayosema kwamba mzazi anaridhia shule kutumia picha za mtoto kwa shughuli za shule. Wazazi wote wamesaini. Je, hiyo si ridhaa ya maandishi?

Mama wa Nkuhungu

Mwalimu, ahsante kwa kujitokeza, maana wengi wangesoma na kupita kimya.

Fomu yangu nimeitafuta nikaipata. Sentensi hiyo ipo kwetu pia, kati ya sentensi inayonitaka nilete ndoo na ufagio na ile inayosema ada ikishalipwa hairudishwi, na saini ni moja kwa mambo yote. Siku niliyosaini, ningekataa picha, mtoto asingepokelewa, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukataa. Sheria inamtaka mkusanyaji amweleze mhusika taarifa zinachukuliwa kwa lengo gani na zitamfikia nani, na inazuia taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja kutumiwa kwa lengo lingine. Nilitoa cheti cha kuzaliwa ili mtoto aandikishwe. Nilitoa namba ya simu ili niitwe mtoto akiugua. "Shughuli za shule" ni maneno mapana kama mbuga ya Bahi. Mzazi hawezi kujua kwamba ndani yake limo tangazo la kudumu linaloonwa na watu wasio na idadi.

Tena ridhaa ya taarifa nyeti inaweza kuondolewa wakati wowote, bila mzazi kutoa sababu na bila gharama. Kwa hiyo hata ile saini ya ukurasa wa nne ikihesabiwa kuwa ridhaa, mzazi akiandika kesho kwamba ameiondoa, shule inapaswa kuacha.

Kwa majirani zetu jambo hili limekwisha kufika mahali pa maamuzi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinahusu watoto peke yao. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za kule kwa kuchapisha picha za wanafunzi wenye umri mdogo bila ridhaa ya wazazi. Ilikuwa shule ya kawaida yenye ukurasa wa kawaida, kama wa kwako na wa kwetu.

Baba wa Manyoni

Nawasoma kwa makini. Mimi shida yangu iko kwenye simu yenyewe. Kijana wangu ana miaka 11. Kila mchezo anaoupakua unamuuliza alizaliwa mwaka gani, naye amejifunza kuandika 1990. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba ukiandika mwaka wa kweli inakataa. Je, hiyo miaka 13 inayotajwa imetoka wapi, na kwetu ina nguvu gani? Na nikiacha aendelee kudanganya, nani analaumiwa?

Mwanafunzi wa Sheria, UDOM

Shikamooni wazazi. Naomba nijibu swali la baba wa Manyoni, kwa kuwa ndilo watu wengi huchanganya.

Miaka 13 haikutoka kwenye sheria yetu. Imetoka Marekani, kwenye sheria ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000, ambayo kwa kifupi chake cha Kiingereza huitwa COPPA. Sheria hiyo inaitaka huduma ya mtandaoni inayolenga watoto, au inayojua kwa hakika kwamba anayeitumia ni mtoto wa chini ya miaka 13, ipate ridhaa ya mzazi inayoweza kuthibitishwa kabla ya kukusanya taarifa zake. Msimamizi wake ni tume ya biashara ya shirikisho ya kule. Mwaka 2013 kanuni zake zilipanuliwa, na tangu hapo taarifa za mtoto hazikuwa tena jina na anwani tu. Ziliingia picha, video, sauti, mahali simu ilipo na zile alama za kompyuta zinazomfuata mtumiaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Mwaka 2025 zikarekebishwa tena, zikaongeza alama za mwili na kulitaka kampuni lipate ridhaa ya pekee kabla ya kuwapa watu wa tatu taarifa za mtoto.

Makampuni mengi yaliona gharama ya kutafuta ridhaa ya wazazi ni kubwa, yakaamua kuandika kwamba walio chini ya miaka 13 hawaruhusiwi. Hiyo ndiyo asili ya swali ambalo kijana wako analijibu kwa mwaka 1990. Ni mlango uliowekwa ili kampuni liweze kusema halikujua. Lakini kutojua huko hakusaidii kila mara. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 baada ya kudaiwa kufuatilia watazamaji wa chaneli za watoto ili wawauzie matangazo, na mwaka 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 275 kwa upande wa sheria hii ya watoto. Ulaya nako, mwezi Septemba 2023, mamlaka ya Ireland iliitoza TikTok euro milioni 345 kuhusu namna ilivyoshughulikia akaunti za watoto, ikiwemo kuziacha wazi kwa umma tangu zinapofunguliwa.

Kwetu, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Hiyo ni Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haikuweka ngazi nyingine ya umri ya chini ya hapo. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 ambaye kwa kampuni la Marekani ni mtumiaji kamili, kwa sheria ya Tanzania bado ni mtoto na taarifa zake bado ni nyeti. Umoja wa Ulaya ulichagua njia ya kati: umri wa kujiridhia mwenyewe ni miaka 16, ila nchi mwanachama inaweza kuushusha hadi 13.

Juu ya lawama, mimi siwezi kumlaumu mtoto wa miaka 11 kwa kuandika kile ambacho mashine imemfundisha kwamba ndicho kinachokubalika. Hapo ndipo naipenda njia ya Uingereza. Wao, kupitia mwongozo wa lazima wenye viwango 15 ulioanza kudaiwa kikamilifu Septemba 2021, wanaitaka huduma yenyewe iliyo na uwezekano wa kutumiwa na watoto iwe salama tangu inapowashwa: mahali alipo mtoto pasionekane, akaunti iwe ya faragha, taarifa zikusanywe chache iwezekanavyo. Mzigo haubaki kwa mzazi anayebofya "nakubali" huku anapika. Kwetu sheria imesema neno zito, kwamba taarifa za mtoto ni nyeti, lakini haijafafanua huduma ya mtandaoni inayowahusu watoto itengenezwe vipi. Pengo hilo ni kubwa, na nadhani kanuni mahususi za watoto ndizo zinazofuata kuhitajika.

Nina jambo moja ambalo halijatajwa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo katika ibara ya 12, na ibara yake ya 16 inamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi haimalizi jambo. Binti mwenyewe ameulizwa?

Dada wa Kondoa

Swali hilo la mwisho limenigusa, na ninaandika nikijua kwamba mimi ni mmoja wa wanaotajwa.

Mwanangu alipozaliwa baada ya ujauzito mgumu, niliweka kadi yake ya kliniki kwenye mtandao ili kumshukuru Mungu na wote walioniombea. Kadi nzima: jina, tarehe, uzito, kituo, jina langu. Alipopata cheti cha kuzaliwa nacho nikakiweka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipousoma uzi huu jana usiku nilirudi nyuma miaka minne kwenye ukurasa wangu, nikahesabu picha zake 212. Nimefuta zile zenye karatasi. Nyingine nitaendelea taratibu, ingawa najua kwamba kilichokwisha kupakuliwa na mtu mwingine sikifuti.

Naomba mtusaidie pia juu ya matangazo ya watoto waliopotea. Huku kwetu mtoto akipotea, ndani ya saa moja picha yake imezunguka wilaya nzima ikiwa na jina, umri, shule, mtaa na namba za wazazi, na ni jambo jema, maana wengi wamepatikana kwa njia hiyo. Lakini akipatikana hakuna anayerudi kuifuta. Nimeona mwezi huu tangazo la mtoto aliyepatikana mwaka juzi, bado linapitishwa, na mama yake bado anapigiwa simu, baadhi ya wapigaji wakidai fedha.

Mama wa Nkuhungu

Dada, pole, na ahsante kwa ukweli huo. Mimi nimekuta zangu 60 na kitu, na ile ya cheti cha mahafali niliipakua kwenye ukurasa wa shule na kuiweka kwangu mwenyewe, nikaandika chini yake jina la shule kwa fahari.

Kuhusu matangazo ya kupotea, maoni yangu ni kwamba haja ya kumwokoa mtoto inatangulia kila kitu, na hakuna anayepaswa kusita. Lakini sharti la taarifa kutokukaa kupita muda unaohitajika linatugusa hapo hapo. Aliyeanzisha tangazo aandike tarehe na saa ndani ya picha yenyewe, aweke namba ya kituo cha polisi pamoja na ya mzazi mmoja tu, asiandike mtaa kamili, na mtoto akipatikana arushe tangazo lile lile likiwa limechorwa mstari na neno AMEPATIKANA. Masjala tunaita kulifunga faili. Faili lisilofungwa huendelea kuokota karatasi.

Kijana wangu wa sheria, swali lako nilimuuliza binti jioni. Nilimwonyesha picha zote za ukurasani. Ile ya siku ya michezo, akiwa amebeba kikombe na wenzake, alisema ibaki. Ile ya mahafali alisema itolewe, na sababu yake sikuitegemea: watoto wakubwa wa darasa la tano huifungua kwenye simu za kaka zao na kumcheka kwa meno yaliyokuwa yametoka. Miaka mitatu picha hiyo inamsumbua, nami nilidhani naipenda kwa niaba yake.

Mwalimu wa Kizota

Nimesoma yote. Naomba kujua kwa vitendo: mzazi akitaka kuanza, aanzie wapi bila kugombana na shule? Na shule isiposikia, Tume inaweza nini?

Mwanafunzi wa Sheria, UDOM

Mwalimu, Tume inapokea malalamiko, na kanuni za utaratibu wa kuyashughulikia zilitoka mwaka 2023. Inachunguza, inaweza kuagiza ukiukaji ukome, na faini yake ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 100. Mhusika anaweza pia kudai fidia. Zaidi ya hapo yapo makosa ya jinai: kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumpeleka mtu binafsi kwenye faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, na taasisi kwenye faini ya hadi shilingi bilioni 5. Sitaji haya ili kuwatisha walimu. Orodha ya wadaiwa wa ada ndiyo ningeanza kuiogopa kama ningekuwa mhasibu wa shule, kwa kuwa inaunganisha mtoto na hali ya fedha ya familia, na hakuna lengo halali linalohitaji wazazi mia mbili waione.

Mama wa Nkuhungu

Kwa swali la kuanzia wapi, nawawekea barua niliyoiandika, mwenye kuihitaji aichukue. Niliipeleka kwa mkono, nikasainiwa nakala, kama tunavyofanya kazini, maana barua isiyopokelewa kwa saini ni kama haikuandikwa.

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu. Kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba kujulishwa ni taarifa zipi za mwanangu shule inazo, zinatumika kwa lengo gani na zimetolewa kwa nani. Ninaondoa ridhaa ya picha zake kuwekwa mahali popote pa umma pamoja na jina lake, darasa lake, cheti chake au kituo chake cha basi. Naomba picha nilizoziambatanisha ziondolewe, orodha ya ada ifutwe kwenye kundi la wazazi, na kuanzia sasa kila mzazi ajulishwe deni lake peke yake. Naomba pia mpiga picha wa shule ajulishwe hivyo kwa maandishi. Sipingi mwanangu kupigwa picha kwa ajili ya albamu ya shule na kumbukumbu ya darasa."

Sentensi ya mwisho niliiongeza baada ya kufikiri sana, kwa kuwa sikutaka mtoto awe anatolewa pembeni wenzake wanapopigwa picha. Hilo nalo lingemuumiza.

Mwalimu mkuu aliniita siku ya pili. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakuta mtu anayesikiliza. Aliniomba nimsimulie ile simu tangu mwanzo, na nilipofika pale mwalimu wa darasa aliposema "yuko hapa mbele yangu" alifunga macho. Aliniambia wazazi wengine wawili walipigiwa simu ya namna hiyo muhula huu, na mmoja wao alituma pesa.

Kilichofanyika mpaka leo ni hiki. Mhasibu alifuta orodha na sasa anatuma ujumbe kwa mzazi mmoja mmoja. Fomu ya kujiunga inatenganishwa: karatasi ya picha itakuwa peke yake, ikiuliza albamu, kundi la darasa na ukurasa wa umma kila kimoja kwa nafasi yake, na mtoto wa kuanzia darasa la tatu atakuwa na mstari wake wa kusema anavyotaka. Picha ya mahafali iliondolewa Jumatano jioni. Ile ya basi, yenye kibao cha kituo, shule imeiondoa lakini ipo bado kwenye ukurasa wa mpiga picha, ambaye amesema kazi ni yake na anaitumia kutafuta wateja. Barua yake nimeipeleka leo asubuhi, na nakala nimesainiwa saa tatu na nusu.